Rota ya Antena na Mbingu za Ikweta

Sauti ilikuwa safi tangu setilaiti ilipochomoza kusini-magharibi. Antena iligeuka taratibu juu ya paa, ikainuka, ikapita magharibi, ikakaribia kaskazini. Ilipogusa nyuzi 360 ikasimama. Kisha ikaanza kurudi kinyumenyume: magharibi, kusini, mashariki, ikazunguka dira nzima hadi ikafika kaskazini kwa upande wa pili. Mzunguko huo ulichukua zaidi ya dakika moja. Wakati huo setilaiti ilikuwa inashuka kaskazini-mashariki, na redioni ulibaki mvumo mtupu.

Nilikagua mota, nikakagua nyaya, nikabadilisha programu. Hapakuwa na hitilafu. Kila kifaa kilikuwa kimetii amri. Kosa lilikuwa kwenye ushauri nilioufuata. Ulikuwa ushauri mzuri, ila ulitolewa kwa mtu anayeishi Uingereza au Ujerumani, na setilaiti hazipiti mbingu za huko kama zinavyopita zetu. Makala haya ni kwa yeyote aliye Tanga, Nairobi, Kampala au Bukavu anayetaka kununua au kujenga rota ya kufuatia setilaiti, ili asipoteze miezi niliyoipoteza mimi.

Setilaiti za redio ya ridhaa zimekuwepo tangu OSCAR 1 iliporushwa tarehe 12 Desemba 1961. Nyingi huruka chini, kilomita mia nne hadi elfu moja na mia tano kutoka ardhini, nazo hazitulii mahali pamoja. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho kimebeba redio za ridhaa, kiko kama kilomita 420 juu yetu. Huizunguka dunia kwa dakika 93 hivi, na kikipita juu ya nyumba yako hukuachia takriban dakika kumi tangu kichomoze hadi kizame. Antena ya Yagi husikia vizuri kule inakoelekea tu, kwa hiyo lazima igeuzwe. Rota yenye mihimili miwili ndiyo inayofanya kazi hiyo. Mhimili mmoja huizungusha antena kwenye pembe ya dira, kaskazini ikiwa sifuri, mashariki 90, kusini 180 na magharibi 270. Mwingine huiinua kutoka upeo wa macho, ambao ni sifuri, hadi utosini, ambako ni 90. Na kila rota ina kikomo, kwa sababu nyaya zinazopanda mlingotini haziwezi kusokotwa bila mwisho.

Kikomo hicho ndicho kiini cha mambo yote.

Kituo cha Kimataifa cha Anga husafiri kwenye njia iliyoinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta, maana yake hakivuki latitudo hiyo kaskazini wala kusini. London iko nyuzi 51.5 kaskazini. Mtu wa London hukiona kikipita upande wa kusini, kutoka magharibi kwenda mashariki, na kikimkaribia sana kinampita utosini. Akiweka kikomo cha rota yake kaskazini, kituo hicho hakitamsumbua karibu kamwe. Sisi tulio karibu na ikweta, kituo hicho hicho hutukatiza kwa mshazari. Ama kinatoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, ama kinatoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Chukua karatasi, weka nukta katikati iwe nyumba yako, kisha chora mistari hiyo ikipita pembeni mwa nukta. Mstari ukipita upande wa kaskazini wa nyumba, antena itavuka kaskazini. Ukipita upande wa kusini, itavuka kusini. Ukiacha zile safari za mbali ambazo setilaiti huchungulia kidogo tu juu ya upeo, hakuna njia ya tatu.

Kwa hiyo kikomo kikiwa kaskazini, kitakuharibia karibu nusu ya safari nzuri. Ukikihamishia kusini, kitakuharibia nusu nyingine. Ukikiweka mashariki au magharibi, chora tena, utaona hesabu ni ileile. Mwenzako akikushauri utatue shida kwa kuhamisha kikomo, mwonyeshe karatasi hiyo.

Jambo hili linatugusa kwa karibu. Setilaiti ndogo za kwanza za kanda yetu, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018, RWASAT-1 ya Rwanda mwaka 2019 na PearlAfricaSat-1 ya Uganda mwaka 2022, zote ziliachiliwa angani kutoka kwenye kituo hicho, hivyo zote zilirithi mwendo wake wa mshazari. Aliyetaka kuzifuata kwa rota kutoka nyumbani alikuwa na shida hii hii mbele yake. Zile zinazosafiri karibu na ncha za dunia, kama RS-44, au ile kongwe AO-7 iliyorushwa mwaka 1974, ni afadhali. Hizo hupita mashariki yako au magharibi yako, na kikomo cha kaskazini huziudhi mara chache, tena zikiwa chini mwanzoni au mwishoni mwa safari. Ndiyo sababu nasema kikomo kibaki kaskazini au kusini, kisipelekwe mashariki, na tatizo la mshazari litafutiwe dawa nyingine.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni rota inayozunguka zaidi ya duara. Yaesu G-5500, ambayo kwa miaka mingi imekuwa rota inayotajwa zaidi na wanaofuata setilaiti, huzunguka nyuzi 450 kwenye dira, yaani duara zima na robo yake. Ikiwa kikomo kiko kaskazini, antena inaweza kupita kaskazini na kuendelea hadi mashariki bila kurudi nyuma. Tazama inavyosaidia kwa safari zetu nne, yaani mistari ile miwili, kila mmoja ukipita kaskazini au kusini mwa nyumba. Safari inayotoka kusini-magharibi na kupitia kaskazini-magharibi, ile iliyonishinda mimi, huanza kama nyuzi 215 na kuishia kama nyuzi 395, inaingia yote. Safari mbili zinazopitia kusini hazigusi kikomo hata kidogo. Inabaki moja, ile inayotoka kaskazini-magharibi, ikavuka kaskazini, ikazama kusini-mashariki. Hiyo utaifuata hadi mashariki kamili, kisha kipande cha mwisho kitakupotea. Tatu kamili na sehemu ya nne si haba. Lakini programu lazima iambiwe kwamba rota ina nyuzi 450. Usipoiambia, itairudisha antena nyuma kwenye 360 kana kwamba umenunua rota ya kawaida, na fedha yako haitakuwa na kazi.

Dawa ya pili naipenda zaidi, na watu wengi wanayo bila kuitumia. Mota ya mwinuko ya rota nyingi za setilaiti haiishii utosini. Hufika nyuzi 180, yaani antena huinuka kutoka upeo mmoja, ikapita juu, ikalala upande wa pili. Hii inakupa namna mbili za kuelekea sehemu yoyote ya mbingu. Ukitaka kutazama kaskazini kwa mwinuko wa nyuzi 30, unaweza kuielekeza dira kaskazini na kuinua 30, au ukaielekeza dira kusini na kuinua 150. Antena inatazama pale pale. Sasa chukua ile safari ngumu, nyuzi 325 hadi 145 kupitia kaskazini. Ikifanywa kwa kupinduka, dira inaanzia 145, inapita kusini 180, na kuishia 325. Haikugusa kikomo. Gpredict, programu ya kufuatilia setilaiti, hufanya hesabu hii yenyewe ukiiandikia kwamba mwinuko wa juu wa rota ni 180. Ukiacha 90, haitathubutu. Kabla hujaijaribu, panda paani ukahakikishe kwamba mkia wa antena hauupigi mlingoti ikipinduka, na kwamba waya wa antena una ulegevu wa kutosha pande zote mbili.

Nikiulizwa nichague moja, nachagua mwinuko wa nyuzi 180 kuliko dira ya nyuzi 450. Rota ya kujengea nyumbani yenye dira ya nyuzi 360 na mwinuko wa 180 inatosha safari zote nne.

Kuna safari moja inayotia watu hofu bila sababu kubwa: ile ya utosini. Kituo cha anga kikiwa juu kabisa, husogea kama nyuzi moja kila sekunde. Kikikupita kwa mwinuko wa nyuzi 80, mhimili wa dira unatakiwa ukimbie karibu nyuzi sita kwa sekunde ili kukifuata. Kwa nyuzi 85, mara mbili ya hapo. G-5500 humaliza duara kwa takriban dakika moja, yaani nyuzi sita kwa sekunde, na mota zinazotumia moja kwa moja mkondo wa nyumbani huzunguka polepole zaidi kwetu kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, si 60 kama wa Marekani. Kwa hiyo rota itaachwa nyuma. Lakini fikiri vizuri kosa hilo lina ukubwa gani. Antena ikiwa imeinuka nyuzi 80 na dira ikiwa imegeukia upande wa kinyume kabisa, umekosea nyuzi 180 kwenye dira, ila angani umekosea nyuzi 20 tu. Karibu na utosi pande zote za dira hukutana. Acha rota ifike itakapofika, usibonyeze kitu, endelea kuzungumza.

Hapa ndipo swali la usahihi linapoingia, na ndipo watu wanapotupa fedha. Yagi ya vijiti saba kwa masafa ya megahezi 145 ina mwale mpana, kama nyuzi 45 au 50. Ya megahezi 435, hata yenye vijiti kumi na kitu, bado ina nyuzi 30 na zaidi. Ukikosea kwa robo ya upana wa mwale, unapoteza chini ya desibeli moja, na sikio halitambui. Kwa antena ya nyuzi 40 hilo ni kosa la nyuzi kumi. Rota inayoonyesha sehemu za kumi za nyuzi ni ya anayefuatilia masafa ya juu kwa dishi kubwa. Kwa sauti na data za megahezi 145 na 435, kosa la nyuzi tano halikuumizi.

Afadhali utumie uhuru huo kulinda mota. Programu inakuuliza ni kosa la kiasi gani livumiliwe kabla ya kutoa amri mpya. Watu huandika nyuzi moja wakidhani ndiyo bora, na mota inashtuka kila sekunde, kwenda, kusimama, kwenda, gia zikigongana na rilei zikilia kama panzi. Andika tano. Antena itasogea kwa hatua chache zilizotulia, mota haitapata joto, na kwenye pwani wakati wa kusi rota haitabishana na upepo.

Kama bado hujanunua kitu, usianze na rota. Anza na mkono. Simama uwanjani na Yagi ndogo na redio ya mkononi, usikilize SO-50 kwenye megahezi 436.795 au kituo cha anga kwenye 437.800, ugeuze mkono mpaka sauti iwe safi. Baada ya safari ishirini utakuwa unajua setilaiti inapopita kabla ya kutazama saa, na ujuzi huo ndio utakaokuonyesha siku rota inapokudanganya. Kusikiliza kuna urahisi wake. Kurusha sauti kunahitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako, na uipate kabla ya kugusa kitufe.

Hatua ya pili inaweza kuwa rota ya mhimili mmoja, ile ya antena za televisheni, na antena ikafungwa ikiwa imeinama juu kwa nyuzi 15 hadi 25 bila kubadilika. Setilaiti hutumia sehemu kubwa ya muda wake chini ya nyuzi 30, na mwale mpana hufunika hapo. Utapoteza dakika chache za utosini, ambako setilaiti iko karibu na ina nguvu hata hivyo. Nawajua watu waliokaa miaka na mtambo wa namna hii na hawakujutia.

Ukifikia mihimili miwili, swali gumu si namna ya kuizungusha mota. Ni kujua antena iko wapi kweli. Rota nyingi hubeba potenshiometa ndani yake, na kisanduku cha chini husoma volti kutoka huko. Volti ikisoma nyuzi 90 wakati antena inatazama 110, programu bora duniani haitakusaidia. Kwa hiyo pima upya, na upime kwa kitu ambacho hakidanganyi. Dira ya simu hudanganya ukisimama karibu na mlingoti wa chuma. Kwenye kanda yetu tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli ni ndogo, nyuzi chache tu, lakini bomba la chuma na mabati ya paa yanaweza kuipotosha sindano zaidi ya hapo.

Tumia jua. Tafuta kwenye programu yoyote ya kuonyesha sayari jua liko nyuzi ngapi za dira na mwinuko kwa dakika ile, kisha igeuze antena mpaka kivuli cha boriti yake kijikusanye kiwe nukta na vivuli vya vijiti vilaliane. Usilitazame jua, tazama kivuli. Hapo antena inatazama jua, na kisanduku lazima kisome namba ile ile. Ila chagua saa. Kwetu jua la mchana hukaribia utosini, na kama nilivyoeleza, karibu na utosi dira haina maana. Fanya kazi hii kabla ya saa tatu asubuhi na urudie baada ya saa kumi alasiri. Kwa njia hiyo unapata pointi mbili, moja mashariki na nyingine magharibi, na zote zikikubaliana umemaliza. Kwa mwinuko wa sifuri, pima maji ya fundi mwashi ukiiweka juu ya boriti inatosha.

Namba zinazoingia kwenye kompyuta nazo zinataka umakini wa aina hiyo. Setilaiti ya chini husafiri zaidi ya kilomita saba kwa sekunde. Saa ya kompyuta ikichelewa sekunde 30, umekosea kilomita 230, na kwa kitu kilicho kilomita 420 juu ya kichwa chako hiyo ni karibu nyuzi 30. Iache kompyuta ijisahihishe kwa intaneti, na uhakikishe inajua kwamba tuko saa tatu mbele ya saa za Greenwich, au saa mbili kwa aliye Bukavu. Halafu mahali ulipo. Tanzania yote na sehemu ya Kenya, ikiwemo Nairobi, iko kusini mwa ikweta, na programu nyingi huja zikiwa zimechagua kaskazini. Mtu wa Dar es Salaam akisahau, programu humweka umbali wa kilomita 1,500 na antena itatazama ovyo, atagundua siku hiyo hiyo. Mtu wa Nairobi akisahau, kosa ni kilomita 290 tu. Mtambo wake utafanya kazi vibaya, vizuri, vibaya tena, naye atalaumu antena, redio na hali ya hewa. Namwonea huruma zaidi huyo wa pili. Data za njia za setilaiti zisasishwe kila wiki. CelesTrak, aliyoianzisha T.S. Kelso mwaka 1985, huzitoa bure, na Gpredict huzivuta kwa kubonyeza mara moja.

Kuhusu programu sina mengi, kwa sababu sehemu hii imetengenezwa vizuri na watu wakarimu. Gpredict ya Alexandru Csete ni ya bure na hufanya kazi kwenye Linux na Windows. Yenyewe haizungumzi na rota. Inazungumza na programu ya pili, rotctld, iliyo ndani ya kifurushi cha Hamlib, kupitia mlango namba 4533. Rotctld ndiyo inayojua lugha ya kila rota. Kwa kifaa kinachozungumza lugha ya GS-232B ya Yaesu utaandika:

rotctld -m 603 -r /dev/ttyUSB0 -s 9600

Kabla ya kuunganisha mota yoyote, weka namba 1 badala ya 603 na uache sehemu ya kebo. Hiyo ni rota ya kufikirika. Itazame ikifuata safari kadhaa kwenye kioo, uone inavyovuka kaskazini. Makosa ya namba yatajitokeza bila kuvunja kitu.

Sasa ununue au ujenge? G-5500 ina faida moja ambayo wengi hawaijui: nyuma ya kisanduku chake kuna tundu la pini nane, na humo huhitaji kugusa umeme wowote wa hatari. Kugusanisha pini moja na ya pamoja kunageuza kulia, nyingine kushoto, nyingine juu, nyingine chini. Pini mbili hutoa volti inayosema antena iko wapi. Arduino moja, rilei chache na programu ya wazi ya K3NG vinatosha kuiunganisha na kompyuta, badala ya kulipia kifaa cha dukani. Ukiagiza rota kutoka Marekani, soma kibandiko cha volti kabla ya kulipa, maana ya volti 117 ikichomekwa kwenye ukuta wa nyumba zetu itaungua mara moja.

Kujenga kunawezekana kabisa hapa. Mafundi wa madishi makubwa ya televisheni wanazo mota za msukumo, zile bomba zinazorefuka na kufupika kwa volti 36, ambazo zilikuwa zinageuza dishi kutoka setilaiti moja hadi nyingine. Moja iliyotumika inainua Yagi mbili bila kutetereka, na umeme ukikatika haishuki. Angalizo langu ni kwamba ikifungwa kwa urahisi haifiki nyuzi 180, kwa hiyo ukiichagua ujue umeacha dawa ya kupinduka na dira yako lazima ivuke kikomo kwa njia nyingine. Kwa mhimili wa dira, mota ya waipa ya lori ina gia ya parafujo inayoshikilia mzigo, ila inakwenda kasi mno. Ipunguze kwa mnyororo na gia za baiskeli. Michoro ya rota ya SatNOGS, mradi wa Libre Space Foundation ya Ugiriki, iko wazi kwa kila mtu, na vipande vyake vingi huchapwa kwa printa ya plastiki. Kwa antena nyepesi inafaa. Kwenye upepo wa pwani singeibebesha antena ndefu. Mota za volti 12 zina sifa nyingine kwetu: zinaendeshwa kwa betri ya gari, na safari ya dakika kumi haisubiri umeme urudi.

Ukisoma potenshiometa kwa Arduino, usiamini somo moja. Chukua kumi, utafute wastani, na uweke kapasita ndogo kwenye pini. Na ukiona namba zinaruka kila unapobonyeza kitufe cha kusema, hiyo si rota, ni nguvu ya redio yako inayoingia kwenye nyaya za kusomea. Tumia kebo yenye wavu wa kinga, na zungusha kebo ya USB mara kadhaa kwenye pete ya feraiti.

Juu ya paa, mambo mawili huua mitambo mingi kuliko mengine yote. Moja ni waya wa antena uliokazwa. Acha kitanzi kikubwa kinachoning'inia kando ya rota, kisha uzungushe antena kutoka kikomo hadi kikomo kwa kitufe cha mkono, mwenzako akitazama juu, kabla kompyuta haijapewa ruhusa. Jingine ni maji. Mombasa, Tanga na Unguja chumvi ya bahari hula bolti za kawaida kwa msimu mmoja. Tumia stenlesi, paka grisi, funga kila kiungo kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Kwa walio kando ya Ziwa Victoria, adui ni radi. Mlingoti uwe na waya mnene wa kupeleka umeme ardhini kwa njia fupi, na mawingu yakikusanyika chomoa nyaya zote za antena na za rota, uziweke mbali na meza. Hakuna kifaa cha dukani kinachozidi kuchomoa.

Kuna wanaosoma haya na kuona kazi ni kubwa. Kwao ipo QO-100, kifaa cha ridhaa ndani ya setilaiti ya Qatar ya Es'hail-2 iliyorushwa Novemba 2018. Hiyo haitembei angani. Imesimama juu ya ikweta kwenye longitudo 25.9 mashariki, na sisi tuko karibu chini yake. Kutoka Dar es Salaam dishi litazame nyuzi 296 za dira na mwinuko wa 72. Kutoka Nairobi, 277 na 77. Dishi dogo la televisheni na kichwa chake vinaipokea kwenye gigahezi 10.489, na ukishalifunga hulisogezi tena.

Lakini kama moyo wako uko kwenye zile zinazotembea, usiagize chochote bado. Usiku huu fungua Gpredict, weka mahali ulipo, na uandike kwenye karatasi safari ishirini zijazo za kituo cha anga zinazozidi mwinuko wa nyuzi 20. Kando ya kila moja weka alama: imevuka kaskazini, au imevuka kusini. Nenda na karatasi hiyo dukani, au kwa fundi, na umuulize muuzaji rota yake inafanya nini ikifika nyuzi 360.